Umechomwa dawa ya kinga dhidi ya saratani, umerudi Tanga: mwongozo kamili wa kutambua na kudhibiti madhara yake

Kaka yangu alianza kuharisha Jumanne jioni, wiki ya 7 tangu achomwe sindano ya kwanza. Alikuwa na doa jeusi unyayoni ambalo kwa miaka miwili tulidhani ni kovu la mwiba. Kumbe ilikuwa melanoma, saratani ya ngozi ambayo kwa watu weusi hupenda nyayo na viganja, na ilishapanda hadi kwenye mitoki ya kinena. Alianzishiwa India dawa ya sindano inayoiamsha kinga ya mwili ipigane na saratani (si chanjo), akarudi nyumbani Chumbageni, Tanga, na mpango ukawa aendelee nayo Dar es Salaam kila baada ya wiki 3. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilimwona anakwenda chooni mara tano, nikasema ni yule pweza wa jana. Nikampa dawa ya amiba, nikamkorogea ORS, nikaenda kulala. Siku ya nne alikuwa anakwenda mara kumi na moja, kinyesi kina damu na makamasi, macho yameingia ndani, wifi analia uani.

Haikuwa amiba. Ilikuwa kinga ya mwili wake mwenyewe inautafuna utumbo mpana. Alipona, lakini siku tatu nilizopoteza zilimlaza kitandani karibu mwezi mzima. Naandika haya ili wewe usipoteze hata moja.

Shika neno hili kabla ya yote: mtu aliyechomwa dawa hizi akiugua kitu chochote, ishuku dawa kwanza mpaka vipimo viseme vinginevyo. Huku kwetu kila homa ni malaria, kila tumbo ni taifodi au amiba, na kikohozi ni upepo wa kusi. Mara nyingi ni kweli. Kwa mgonjwa huyu, mazoea hayo yanaweza kumuua.

Hatua ya kwanza: jua umechomwa nini

Wengi wanarudi na faili nene na hawajui kama walichopewa ni kemotherapi au ni kitu kingine. Fungua karatasi utafute majina haya: nivolumabu, pembrolizumabu, ipilimumabu, atezolizumabu, durvalumabu. Kwenye boksi na kwenye faili yameandikwa bila ile "u" ya mwisho. Ukiliona mojawapo, mwongozo huu unakuhusu.

Kemotherapi huziua seli zenyewe. Dawa hizi haziiui saratani zenyewe, zinaiamsha kinga iishambulie. Seli za kinga zina breki, ili zikimaliza kupigana na kidudu zitulie, zisigeuke kuushambulia mwili. Saratani ni janja, huikanyaga breki hiyo ili isishambuliwe. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani waligundua namna ya kuifungua, kila mmoja kwa breki yake, na mwaka 2018 wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Ipilimumabu iliidhinishwa Marekani mwaka 2011, nivolumabu na pembrolizumabu zikafuata mwaka 2014. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliziingiza hizi mbili katika orodha ya dawa muhimu kwa melanoma iliyosambaa.

Sasa fikiria daladala iliyoondolewa breki. Inaweza kumfikia adui, na inaweza pia kuingia dukani kwa mtu. Kinga isiyo na breki inaweza kushambulia kiungo chochote: ngozi, utumbo, ini, mapafu, tezi, viungo vya mifupa, figo, macho, mishipa ya fahamu, moyo. Kiungo kinavimba kwa ndani, kinawaka, kinashindwa kufanya kazi. Hakuna kidudu hapo, na ndiyo maana antibiotiki haisaidii.

Ukubwa wa hatari unategemea dawa. Katika jaribio kubwa la melanoma lililochapishwa mwaka 2015, madhara makali yaliwapata wagonjwa 16 kati ya 100 waliopewa nivolumabu peke yake, 27 kati ya 100 wa ipilimumabu, na 55 kati ya 100 waliochanganyiwa zote mbili. Kwa hiyo muulize daktari: ni moja au ni mbili? Jibu lake ndilo litakalokuambia uwe macho kiasi gani.

Hatua ya pili: vipimo kabla ya sindano ya kwanza

Kama bado hujaanza, una bahati, kwa sababu kipimo cha leo ndicho kitakachomwambia daktari wa kesho kwamba jambo fulani ni jipya. Omba upimwe damu kamili, ini, figo, sukari, homoni za tezi ya koo, na kotisoli ya asubuhi (homoni ya tezi za juu ya figo) ikiwezekana. Upigwe picha ya kifua. Upimwe umeme wa moyo, na troponini, kipimo cha damu kinachoonyesha moyo ukiumia, kama maabara wanayo. Upimwe VVU, homa ya ini B, na kifua kikuu. Kuwa na VVU peke yake hakukuzuii kutumia dawa hizi, lakini lazima daktari ajue na dawa zako za kufubaza virusi ziwe zinafanya kazi.

Mweleze pia kama umewahi kuwa na baridi yabisi, lupasi, psoriasisi, vidonda vya utumbo mpana, au kama una figo uliyopandikizwa. Usifiche kwa kuogopa kunyimwa dawa. Wengi wenye maradhi hayo hupewa, ila kwa uangalizi zaidi. Kwa mwenye figo ya kupandikizwa hesabu ni ngumu, kwa sababu kinga iliyofunguliwa inaweza kuikataa hiyo figo.

Kuna kitu kimoja ambacho miongozo ya Ulaya hukitaja kwa mstari mmoja, na kwetu kinastahili ukurasa: minyoo aina ya strongiloidi. Huingia kupitia nyayo kwenye udongo wenye unyevu, na inaweza kukaa tumboni kwa mtu miaka mingi bila dalili. Mtu huyo akipewa steroidi kwa wingi, na steroidi, dawa ya kuituliza kinga, ndiyo ya kwanza kutibu madhara haya, minyoo huzaliana bila kizuizi, hupenya utumbo, husambaa mwili mzima na kubeba bakteria hadi kwenye damu. Wengi hawanusuriki. Kinga yake ni rahisi: kupima choo au damu, au kumeza ivermektini mapema. Kama umelima Muheza au Amani, kama ulikulia pekupeku kama sisi sote, mwambie daktari wako, hasa aliyeko Mumbai au Chennai ambaye hajui ulikotoka. Mimi nilimkumbusha daktari wa kaka usiku ule ule aliolazwa, na ivermektini ilitangulia. Hilo najivunia.

Homa ya ini B nayo ni hivyo hivyo. Virusi vilivyolala huamka mtu akishushwa kinga, na matokeo yake kwenye ini hufanana kabisa na madhara ya dawa. Ukishapima mapema, hapana ubishi baadaye.

Hatua ya tatu: kadi ya mfukoni

Chukua kadi ngumu, andika maneno haya kwa herufi kubwa, uilaminishe. Moja ikae kwenye pochi, nyingine ndani ya kava la simu, ya tatu kwa mtu unayelala naye nyumba moja.

"Natumia dawa ya kinga dhidi ya saratani, jina ______. Sindano ya mwisho ilikuwa tarehe ______. SI kemotherapi. Homa, kuhara, kikohozi, kifua kubana, uchovu mkali, kichwa kuuma au kuona viwili-viwili kunaweza kuwa madhara ya dawa hii, hata miezi kadhaa baada ya sindano. Kabla ya kunianzishia au kunikatishia steroidi, tafadhali mpigie daktari wangu: ______. Kama hali ni ya dharura, nitibu kwanza."

Tarehe ya sindano ya mwisho ni muhimu kwa sababu madhara haya si waja leo waondoka leo. Mengi huja katika miezi 3 ya mwanzo. Mengine huja mwaka umepita, au dawa imeshaachwa. Kadi usiitupe baada ya sindano ya mwisho. Kaa nayo miaka.

Hatua ya nne: daftari

Nunua daftari la kurasa 80, lile la shule. Kila asubuhi andika tarehe, joto la mwili, uzito (mara mbili kwa wiki inatosha), na umekwenda choo mara ngapi jana. Kama unaweza kupata kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, andika namba yake. Halafu sentensi moja: umelalaje, umekulaje, kuna nini kipya.

Hesabu ya choo ndiyo roho ya daftari. Madaktari hupima ukali wa kuharisha kwa kulinganisha na kawaida yako. Ikiongezeka chini ya mara 4 kwa siku, ni daraja la 1. Mara 4 hadi 6 zaidi ya kawaida ni daraja la 2. Mara 7 na zaidi ni daraja la 3, na hiyo ni kitanda cha hospitali. Mtu ambaye kawaida yake ni mara moja, na leo amekwenda mara tano, yuko daraja la 2 tayari. Kaka alikuwa daraja la 2 Jumanne ile, mbele ya macho yangu. Kwa kuwa hapakuwa na daftari, nilimwona tu kuwa ana "tumbo".

Mgonjwa akiona aibu kusema, hasa mzee mbele ya watoto wake, mpe kalamu apige vistari mwenyewe ukutani chooni. Vistari havimwonei mtu haya.

Hatua ya tano: jua sura ya kila dhara

Ngozi ndiyo hutangulia, mara nyingi ndani ya wiki chache za mwanzo: vipele, muwasho, ukavu. Mengi huisha kwa mafuta na krimu ya steroidi anayoandika daktari. Wengine hutokewa na mabaka meupe, mbalanga. Kwa wagonjwa wa melanoma mbalanga mara nyingi huenda pamoja na dawa kuifanyia kazi saratani vizuri, kwa hiyo majirani wakianza kunong'ona kuhusu ukoma au kurogwa, waambie ukweli huo bila kuinamisha kichwa. Lakini ngozi ikitoka malengelenge, ikibambuka, au vidonda vikitokea mdomoni, machoni na sehemu za siri, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Utumbo nimeshausema. Ongeza haya: usimeze dawa ya kufunga kuhara ya dukani kabla ya kuzungumza na daktari, kwa sababu huficha dalili na utumbo huendelea kuungua. Maumivu makali ya tumbo, tumbo kuwa gumu, au damu, ni dharura. Utumbo unaweza kutoboka. Choo kipimwe kutafuta kidudu, ndiyo, lakini kipimo cha choo kisicheleweshe simu.

Mapafu: kikohozi kikavu kisichoisha, kuhema ukipanda ngazi ulizokuwa unapanda bila shida, namba ya kidoleni kushuka chini ya 94. Hutokea kwa watu wachache, lakini huua. Picha ya kawaida ya kifua inaweza kuonekana safi kumbe mapafu yanaungua, kwa hiyo siti skani ndiyo huamua. Na kwa kuwa tuko Tanzania, makohozi yapimwe kifua kikuu kabla au sambamba na steroidi. Yote mawili yanawezekana kwa mtu mmoja.

Ini halina kelele. Ndiyo maana damu hupimwa kabla ya kila sindano, na mtu asiyepimwa asikubali kuchomwa. Mkojo wa rangi ya chai na macho ya manjano ni dalili za kuchelewa. Hapa nawasihi ndugu zangu wa mitishamba: mwarobaini, mlonge na zile chupa za sokoni Ngamiani ziwekwe pembeni kwa muda wa tiba. Sisemi ni sumu. Nasema vimeng'enya vya ini vikipanda, daktari hatajua amlaumu nani, na anaweza kuisimamisha dawa ya saratani bure.

Tezi ndizo hudanganya kuliko vyote, kwa sababu dalili yake ni uchovu, na nani mwenye saratani asiyechoka? Tezi ya koo kwanza huchemka: moyo kwenda mbio, jasho, kukonda. Wiki chache baadaye huzimika: baridi, uvivu, sauti nzito, kufunga choo. Tezi ya chini ya ubongo ikivimba huleta kichwa kisichosikia panado, kizunguzungu, na wakati mwingine kuona vibaya. Tezi za juu ya figo zikifa, mtu huishiwa nguvu, hutapika, presha hushuka, anaweza kuzimia na kufa huku watu wakisema ni saratani imemmaliza. Kongosho likishambuliwa kisukari huja ghafla, ndani ya siku: kiu, mkojo kila saa, kuhema kwa nguvu. Ni nadra, lakini kipimo cha sukari cha kidole kinachukua dakika moja.

Viungo vya mifupa vikiuma na kukakamaa asubuhi, sema, hutibika. Macho mekundu yenye maumivu, usijinunulie dawa ya matone.

Moyo nimeuacha mwisho kwa makusudi. Hupata watu wachache sana, kama 1 kati ya 100 au chini ya hapo, na mara nyingi katika miezi 3 ya mwanzo. Katika uchambuzi wa taarifa za dunia nzima uliochapishwa mwaka 2018, wagonjwa 131 waliripotiwa kuvimba misuli ya moyo na 52 kati yao walikufa. Hakuna dhara lingine la dawa hizi lililokuwa na uwiano mbaya hivyo. Dalili ni kifua kubana, moyo kurukaruka, kuvimba miguu, kushindwa kulala chali. Mara nyingi huja na ndugu zake wawili: misuli ya mwili kuuma na kulegea, na kope kushuka, kuona viwili-viwili, kushindwa kumeza. Ukiona kope zimeshuka kwa mtu aliyechomwa dawa hizi, usisubiri kupambazuke.

Hatua ya sita: homa

Homa ya mgonjwa huyu ipimwe malaria kwa kipimo cha haraka, mara moja, zahanati yoyote. Tupo Tanga, hilo halina mjadala. Ikiwa chanya, atibiwe, na bado daktari wa saratani apigiwe simu siku hiyo hiyo. Ikiwa hasi, usikubali kuambiwa "tumpe tu ya malaria, vidudu vimejificha". Usikubali pia taifodi iliyothibitishwa kwa tone la damu peke yake. Uliza: tunatafuta nini kingine? Mapafu yamesikilizwa? Ini limepimwa? Sukari? Presha ya damu? Kuuliza si utovu wa adabu. Anza na shikamoo, toa kadi, halafu uliza.

Hatua ya saba: simu na safari

Simu ya daktari wa saratani, na ya pili ya muuguzi wa kliniki yake, ziandikwe kabla hujaondoka Dar. Ukipiga, usianze na historia ya ukoo. Sema hivi: "Shikamoo daktari. Mimi ni dada wa mgonjwa wako fulani, anatumia pembrolizumabu, sindano ya mwisho tarehe 4, ni ya tatu. Tangu juzi anaharisha, kawaida yake mara moja, leo mara sita, hakuna damu, joto 37.8, anakunywa maji. Tuko Tanga mjini. Tufanye nini leo?" Sekunde ishirini, na ana kila anachohitaji.

Vya kupiga simu siku hiyo hiyo: kuharisha mara 4 zaidi ya kawaida, kikohozi kipya, vipele vilivyoenea, uchovu uliobadilika ghafla, kichwa kisichotulia. Vya kwenda hospitali kwanza na kupiga simu njiani: kuhema, kifua, damu chooni, kuchanganyikiwa, kuzimia, kope kushuka, macho ya manjano.

Usimpakie mgonjwa wa kundi la pili kwenye basi la Dar. Ni kama kilomita 350, kupitia Segera hadi Chalinze au Msata, saa tano na zaidi bila dripu wala oksijeni. Mpeleke hospitali ya Bombo kwanza, atulizwe, damu ichukuliwe, madaktari wa Bombo na wa Taasisi ya Saratani Ocean Road wazungumze kwa simu, kisha kama ni rufaa iwe rufaa ya gari la wagonjwa. Aliyeko Lushoto au Korogwe aulize mapema kama kwake hospitali ya KCMC Moshi ni karibu zaidi. Safari ya aina hii hupangwa mkiwa wazima.

Hatua ya nane: steroidi, na namna ya kuishi nazo

Hapa watu hukosea pande zote mbili. Wapo wanaozikataa kwa kusikia zinavimbisha uso, na wapo wanaozipenda mno kwa sababu zinatia hamu ya kula.

Utaratibu wa kawaida ni huu. Daraja la 1, dawa ya saratani huendelea kwa uangalizi, isipokuwa moyo na baadhi ya viungo vya hatari. Daraja la 2, husimamishwa, na predinisoloni, steroidi ya vidonge, huanza, mara nyingi nusu hadi miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito. Daraja la 3, na la 4 ambalo linatishia maisha, mgonjwa hulazwa, dozi ni miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, mara nyingi kwa mshipa. Mtu wa kilo 60 anaweza kumeza vidonge 12 vya miligramu 5 asubuhi moja. Usishtuke ukadhani mfamasia amekosea, lakini pia usijiandikie mwenyewe.

Dalili zikitulia, dozi hupunguzwa taratibu kwa wiki 4 hadi 6 au zaidi. Hiki ndicho kipindi kibaya kuliko vyote. Mgonjwa anajisikia mzima, vidonge vimeisha, duka halina, anaacha. Madhara hurudi kwa nguvu, na tezi za juu ya figo zilizozoea kupumzika haziamki kwa wakati. Andika ratiba ya kupunguza kwenye jalada la ndani la daftari, wiki kwa wiki, na nunua vidonge vya ratiba nzima kwa mara moja.

Wakati wa steroidi: meza asubuhi na chakula, ukichelewa jioni hutalala. Pima sukari na presha. Kama dozi ni miligramu 20 au zaidi kwa siku kwa wiki 4 na kuendelea, uliza kuhusu septrini ya kukinga nimonia. Usipokee chanjo zenye vijidudu hai. Angalia utando mweupe mdomoni. Na Ramadhani ikifika, anayeharisha au anayetumia homoni za kotisoli asifunge kabla ya kuzungumza na daktari. Mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa siku nyingine, hilo masheikh wetu wanalisema kila mwaka.

Siku chache zikipita bila nafuu, mara nyingi siku 3 hadi 5 kwa utumbo, daktari huongeza dawa nyingine. Kwa utumbo ni infliksimabu au vedolizumabu. Kwa ini infliksimabu huepukwa, hutumika mikofenolati. Ziko kwenye hospitali kubwa tu na ni ghali, kwa hiyo swali la nani atalipa liulizwe siku ya kwanza ya kulazwa, siku ya tano umechelewa.

Hatua ya tisa: watafiti wamefika wapi, na swali la kuuliza

Kitendawili cha watafiti ni kimoja: utaizimaje kinga tumboni bila kuizima kwenye saratani? Steroidi huzima vyote.

Mwaka 2019 wanasayansi walionyesha kwa panya kwamba kuziba TNF, kemikali ile ile ambayo infliksimabu huiziba, kabla ya kuwapa dawa za kinga kulipunguza kuungua kwa utumbo na hakukuizuia tiba kushambulia saratani. Mwaka 2022 kazi nyingine ikaelekeza kidole kwa interlukini-6, kemikali nyingine ya kinga, nayo ina dawa tayari ya kuiziba, tosilizumabu, ya wagonjwa wa baridi yabisi. Mwaka 2018 hospitali ya MD Anderson ya Houston iliripoti wagonjwa wawili ambao utumbo wao ulikataa kila dawa, wakapona baada ya kuwekewa bakteria wa tumbo kutoka kwenye kinyesi cha mtu mzima wa afya. Najua inasikika vibaya. Kwa mtu ambaye amekaa chooni miezi miwili, haisikiki vibaya.

Kwa moyo, mwaka 2022 iligundulika kwamba seli za kinga zinazoushambulia hutambua protini ya misuli ya moyo iitwayo alfa-miosini, kana kwamba ndiyo adui. Mwaka 2023 madaktari wa Paris waliripoti wagonjwa 40. Kwa 10 wa mwanzo, asilimia 60 walikufa kwa madhara ya misuli. Kwa 30 waliofuata, waliopimwa misuli ya kupumulia mapema na kupewa dawa mbili za kuituliza kinga, abatasepti pamoja na ruksolitinibu, vifo vilishuka hadi asilimia 3.4. Halikuwa jaribio la kuwagawa wagonjwa kwa kura, na kundi ni dogo, lakini tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa. Kama ndugu yako amelazwa kwa moyo na steroidi hazifui dafu, muulize daktari: "abatasepti inawezekana?"

Sisi wa pwani hii si wageni wa utafiti. Korogwe na Bagamoyo ni miongoni mwa vituo vilivyoshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, kwa hiyo watu wetu wanajua maana ya kusaini fomu ya idhini. Ukialikwa kwenye utafiti wa madhara haya, hata wa kutoa damu na choo tu, uliza kibali cha maadili, uliza nani analipa ukiumia, na kumbuka unaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Majaribio makubwa ya dawa hizi yamefanyika zaidi Ulaya, Marekani na Asia, kwa watu ambao wengi wao hawaishi na malaria wala strongiloidi. Mimi ningesaini.

Hatua ya kumi: kurudi kwenye dawa, au kuiacha

Baada ya moyo, au dhara la daraja la 4, dawa huachwa moja kwa moja kwa kawaida. Baada ya ngozi, viungo, au utumbo wa daraja la 2 uliotulia, wengi hurudishiwa, wakati mwingine bila ipilimumabu. Kwa anayelia kwamba kuachishwa ni hukumu ya kifo: seli za kinga zilizokwisha kuamshwa huendelea na kazi, na wapo wengi ambao uvimbe wao uliendelea kupungua miezi mingi baada ya sindano ya mwisho. Kaka ni mmoja wao.

Tezi ni habari tofauti. Tezi iliyokufa kwa kawaida hairudi, na haihitaji dawa ya saratani iachwe. Inahitaji homoni ya kumeza kila siku, maisha yote. Kama zimekufa zote mbili, ya koo na za juu ya figo, haidrokotisoni, homoni ya zile za juu ya figo, ianze kwanza, thairoksini ya tezi ya koo ifuate. Ukigeuza mpangilio unaweza kumwangusha mgonjwa.

Kaka alibaki na hilo la tezi za juu ya figo. Anameza haidrokotisoni asubuhi na mchana. Akipata homa, dozi inazidishwa mara mbili au tatu kwa siku mbili tatu, kama daktari alivyotuandikia. Akitapika na kidonge hakikai, achomwe sindano ya miligramu 100 na apelekwe hospitali. Sindano hiyo na bomba lake viko ndani ya kopo la plastiki juu ya kabati la vyombo. Wifi anajua kuchoma, mtoto wao wa sekondari anajua, na mwenye duka la dawa pale kona ana nakala ya kadi.